Nati Isiyotaka Kufunguka

Kitu cha kwanza alichokiona Mwanapili kilikuwa kidogo, tena hakikumhusu: kiwiko cha mkono wa mwanamume.

Alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko, uwani kwao Mtoni, ungo wa mchele mapajani, anachagua chuya. Mbele yake gari ya baba yake imeinuliwa juu ya magogo ya mnazi. Kwa chini, baina ya magurudumu, aliona mpaka upande wa pili, pale fundi alipolala chali juu ya gunia. Uso wake haukuonekana. Kilichoonekana ni mkono, spana, na kiwiko kikienda na kurudi. Na kwa vile nati aliyokuwa akiifungua fundi ilikuwa upande wa ndani wa gurudumu, yeye na fundi waliitazama kutoka upande mmoja; kushoto kwa fundi kulikuwa kushoto kwake.

Kiwiko kilikwenda kushoto. Kitu kikalia kwii, kama kabati la marehemu linapofunguliwa. Nati ikazunguka. Mwanapili aliiona ikizunguka, mara moja, na nusu nyengine.

Hapo ndipo Mzee Mcha, baba yake, alipotoka ndani na kofia mkononi.

"Fanya hima, mwanangu," alimwambia fundi, au tuseme aliiambia miguu ya fundi. "Nna safari ya Kendwa. Nampeleka huyu binti yangu kwa shangazi yake, Bi Mwatum. Kuna mtu huko, Simai, kafiwa na mke, ana minazi yake. Shangazi mtu keshasema naye. Kimebaki mtoto kuonekana tu."

Mzee Mcha hakuwa na siri, ila zile alizozisahau.

Chini ya gari kiwiko kikasimama. Kisha kiwiko kikaanza tena, na safari hii kilikwenda kulia. Kilikwenda taratibu, halafu kwa nguvu, halafu kwa nguvu zaidi, mpaka gunia likasogea.

Mwanapili alibaki na chuya kidoleni. Skuli aliiacha darasa la tano, bibi yake alipopooza na kutakiwa mtu wa kumgeuza kitandani, na mambo mengi ya dunia yalimpita. Lakini chupa ya achari aliifungua na kuifunga kila siku ya Mungu. Kushoto hufungua, kulia hufunga. Hilo halikuhitaji darasa la sita.

Fundi akatoka chini ya gari. Alikuwa kijana, jina lake Usi, mwenye kutu mpaka kwenye nyusi.

"Mzee Mcha," alisema, huku anajipangusa, "nati hii imeshika. Imeshika haswa."

"Imeshika?"

"Kutu imeila. Hii si kazi ya leo."

Mwanapili akainamisha kichwa kwenye mchele, akahisi uso unamwaka, na hakujua ni kwa sababu gani.

*

Gari yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, nyeusi, yenye mgongo wa kobe. Mwenyewe alikuwa muuza vitambaa wa mjini, na Mzee Mcha alikuwa dereva wake. Mapinduzi yalipokuja, tajiri akaondoka Unguja na mkoba mmoja, akamwambia dereva wake, "Mcha, gari ni yako." Tangu siku hiyo Mzee Mcha hakuwa dereva tena. Alikuwa mtu mwenye gari, na mtu mwenye gari, kwa maoni yake, hakupaswa kuharakishwa na jambo lolote.

Miaka ikapita, na upepo wa chumvi haukubagua baina ya gari ya tajiri na gari ya Mzee Mcha. Siku moja alikuwa anarudi kutoka Bububu, ambako hakuwa na shughuli yoyote, akakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini. Gari ikaendelea na safari yake. Ilisimamishwa na meza ya Bi Time, jirani yao, muuza muhogo wa nazi, na nusu ya sufuria ikaingia ndani kwa dirishani. Mzee Mcha aliteremka na kipande cha muhogo juu ya kofia, akawaambia watu waliokusanyika:

"Breki imepungua kidogo."

Ubovu wenyewe haukuwa mkubwa. Kipaipu kinachopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la nyuma kilikuwa kimetoboka kwa kutu. Kipaipu kipya kilishapatikana mjini, kwa mtu anayejuana na mtu. Iliyobaki ni kuifungua ile nati inayokishika cha zamani kwenye gurudumu, kukitoa, kutia kipya, basi.

"Si mpande gari ya abiria tu?" alisema Bi Kazija, mama yake Mwanapili. "Inapita hapo njiani kila asubuhi."

"Binti yangu mimi apande gari ya abiria, apakatishwe kapu la papa mkavu, na baba yake ana gari?"

"Ana gari," alikiri Bi Kazija. "Ipo juu ya magogo."

Lakini neno la mwenye gari lilishasimama: Kendwa wataenda kwa gari yao, au hawaendi. Na kwa hivyo, bila ya mtu kukusudia, kwenda au kutokwenda kwa Mwanapili kukafungwa kwenye nati moja isiyozidi ncha ya kidole.

Yeye mwenyewe alishaulizwa. Hilo lazima lisemwe, Mzee Mcha asije akaonewa. Alimwita ukumbini, akamwambia, "Mwanapili."

"Naam, baba."

"Shangazi yako amekuonea mume. Unasemaje?"

Mwanapili alitazama jamvi. Alikuwa na la kusema, ila alikuwa anatafuta maneno yenye adabu ya kulibeba. Alipoyapata, baba yake alishasema, "Mwanamwali kunyamaza ndiyo kukubali," akashatawadha, na yuko rakaa ya pili.

Tangu utotoni ilikuwa hivyo. Alikubali mambo mengi sana katika maisha yake bila ya kufungua mdomo.

*

Kesho yake Usi alirudi, akalala juu ya gunia, na kiwiko kikaenda kulia. Keshokutwa vilevile.

Mwanzo Mwanapili alidhani pengine kijana ni mjinga. Ilikuwa inawezekana, Unguja ilikuwa na mafundi wa kila namna. Aliifungua chupa ya achari, akaifunga, akaifungua tena. Mama yake akamwambia aache kuchezea chakula. Lakini asubuhi moja Bi Time alikuja na jiko lake la mafuta, skrubu imeng'ang'ania, na Usi akaifungua papo hapo, kwa kushoto, kwa mkono mmoja, mwengine umeshika kikombe cha chai.

Basi hakuwa mjinga. Mwanapili aliufunika uso wake kwa ungo mtupu na kukaa nao hivyo kitambo.

Chai ile ilikuwa na hadithi yake. Sukari siku hizo ilikuwa ya foleni, na foleni ilikuwa ya alfajiri. Nyumba ya Mzee Mcha ilipata kilichopatikana, na kilichopatikana kiligaiwa na Mwanapili, kwa kuwa ndiye aliyekaa jikoni. Kikombe cha fundi kilikuja kitamu mpaka kijiko kinasimama. Cha Mzee Mcha kilikuja na rangi.

"Sukari imekwisha nguvu siku hizi," Mzee Mcha alilalamika barazani. "Ya zamani ukitia kijiko kimoja unaisikia."

"Hii yangu nnaisikia, Mzee," Usi alisema, macho chini.

"We bado kijana. Ulimi wako mzima."

Habari ya nati ikaenea mtaani, na mtaa ule haukuwa mchoyo wa mawaidha. Wa kwanza alikuwa Bi Time, ambaye tangu mkasa wa muhogo alijiona ana hisa katika gari ile.

"Chuma na ndimu ni mahasimu," alisema. "Nshaona kisu changu kilivyoliwa. Kamua ndimu, tia chumvi, imwagie nati, iache ilale nayo."

"Ahsante, Bi Time. Hili sikulijua."

"Hamulijui nyie, mnajua spana tu."

Usi akaipaka nati ndimu na chumvi, mbele yake, kwa heshima. Siku ya pili Mzee Mcha alileta mafuta ya taa aliyoyatoa kwenye jiko la mkewe, na siku hiyo watu walikula mchana baada ya alasiri. Akaja Mwalim, aliyesomesha watoto Kurani chuoni pale jirani, akaizunguka gari mara kadhaa, mikono nyuma.

"Hii ina jicho," alitoa fatwa. "Gari nyeusi, inang'ara, na mwenyewe anapita nayo mbele za watu bila ya shughuli. Ulitegemea nini, Mcha?"

Akafukiza ubani chini ya gari, naye Usi yumo humo humo chini. Kijana alitoka anakohoa, machozi yanamchuruzika, akamshukuru Mwalim kwa mikono miwili.

"Umeisikia imelegea?" aliuliza Mwalim.

"Kidogo, Mwalim. Kesho inshallah."

Kila jioni ilikuwa kesho inshallah. Na kila jioni kabla ya kuondoka alirudi chini ya gari, ati kuangalia dawa ilivyoingia, na Mwanapili kutoka mlangoni mwa jiko aliona kiwiko kikienda kulia mara ya mwisho, taratibu, kama mtu anayeaga.

"Fundi huyu ana adabu kweli," alisema Bi Kazija usiku mmoja wanapokunja jamvi. "Kazi hajui, lakini adabu anayo." Akamtazama binti yake kwa pembe ya jicho. Mwanapili alikuwa ameshika kazi ya kuokota punje moja ya wali iliyokataa kuokoteka.

Hawakuwahi kusemezana, yeye na Usi, ila "Karibu chai" na "Ahsante, Bi Mwanapili". Hakuna aliyewahi kumwita Bi. Mara ya kwanza alipoitwa hivyo aligeuka nyuma kuangalia mama yake yuko wapi.

*

Maneno ya Kendwa yakaja kwa mdomo wa utingo wa gari ya abiria, aliyeyapigia kelele kutoka mlangoni mwa gari bila ya gari kusimama vizuri, mtaa mzima unasikia:

"Mzee Mcha! Dada yako Bi Mwatum anakwambia, kama gari yako imekufa uizike, uje kwa miguu! Anasema Simai haposi nati!"

Mzee Mcha aliingia ndani ya nyumba yake kama mtu aliyevuliwa kanzu hadharani. Aliporudi alikuwa ameshaamua.

"Usi, mwanangu, umejitahidi. Mungu anaona. Lakini kesho asubuhi namwita Fundi Silima kutoka Bububu."

Usi akakitua kikombe chini, chai bado nusu.

Fundi Silima alikuwa mzee aliyekuwa akizitengeneza gari tangu siku ambazo Bububu bado kulikuwa na reli. Tena ndiye aliyemfundisha Usi kazi. Kwa jicho la Silima nati haikuwa na siri: pembe zake humwambia nani aliigusa, na spana gani, na alikuwa anaelekea wapi. Angeitazama mara moja tu. Na fundi aliyejulikana kwamba anakaza gari za watu ili azicheleweshe, gari ya pili haipati, Mtoni wala Bububu wala mjini. Seuze mwenye gari amkaribishe ndani, amtandikie jamvi, amsikilize anataka nini.

Haya Mwanapili hakuambiwa na mtu. Aliyasoma usoni kwa kijana, pale pale, na akaona kwamba kijana naye anayasoma.

Mchana huo Mzee Mcha alikwenda barazani kwa Mwalim kulalamika juu ya dada yake. Usi akabaki peke yake uwani. Mwanapili alikuwa mlangoni mwa jiko na pasi ya mkaa, ananyoosha kanzu ya baba yake ya Ijumaa. Akatazama chini ya gari, kama alivyozoea.

Kiwiko kilikuwa kinakwenda kushoto.

Basi amechoka, alijiambia. Amechoka na ndimu, na ubani, na chai. Anafungua nati ya watu aende zake. Na kwa nini asichoke? Nani aliyemwambia abaki? Aliipitisha pasi juu ya mkono wa kanzu kwa hasira, akarudia pale pale palipokwisha nyooka.

Kiwiko kikavuta kushoto tena. Nati haikulia. Kikavuta tena. Spana ikateleza, ikagonga chuma, na Usi akasema neno ambalo katika siku zote zile hakuwa amelisema mbele ya watu.

Mwanapili akaiweka pasi chini.

Nati ilikuwa imeshika. Safari hii ilikuwa imeshika kweli. Siku zote zile za kukaza, na ndimu ya Bi Time, na chumvi yake, na kutu mpya iliyozaliwa kwa ndimu na chumvi, vilikuwa vimefanya kazi yao kwa uaminifu. Uongo aliousema Usi siku ya mwanzo ulikuwa umekaa, ukaota mizizi, ukawa ukweli. Naye alikuwa amelala chini yake.

Akatoka nusu, akaketi, akautazama mkono wake uliochubuka. Hakuwa na uso wa mtu anayekwenda zake. Alikuwa na uso wa mtoto aliyepanda juu ya paa kwa mzaha, ngazi ikaanguka.

Mwanapili hakuwahi kuuvuka ua ule pakiwa na mwanamume mgeni, ila na kikombe mkononi, na baba yake yupo. Safari hii aliinuka, akajitanda kanga vizuri, akaibeba ile pasi na makaa yake yanayowaka, akauvuka. Akaitua chini, karibu na gurudumu.

Usi alitazama pasi. Akamtazama yeye.

"Ndiyo," alisema polepole. "Moto. Moto ndio unaotakiwa." Akachungulia chini ya gari. "Mafuta ya breki nshayamwaga yote, hapana kitakachoshika moto. Na nta... Bi Mwanapili, mshumaa upo?"

Mshumaa ulikuwepo.

Lakini mikono yake ilikuwa miwili tu, na kazi ilitaka mitatu: mmoja wa kuibana ncha ya pasi kwenye nati, mmoja wa kugonga, mmoja wa spana. Usi hakuthubutu kuomba. Mwanapili alitandika gunia la pili, akaingia chini ya gari.

Bi Kazija alitokeza dirishani kuuliza kanzu imefikia wapi. Aliona kanzu iko peke yake. Akaona chini ya gari jozi mbili za miguu, moja imevaa makubadhi ya kike. Alisimama hapo muda wa kuvuta pumzi moja ndefu, kisha akarudisha kichwa ndani, akafunga dirisha pole pole, lisije likalia.

Chini ya gari kulikuwa na harufu ya kutu, ubani na ndimu, kama harusi iliyofanyika gereji. Mwanapili aliishika pasi kwa mpini, ncha yake imebanwa kwenye nati, na joto likawapiga wote wawili usoni. Usi aligonga kwa nyundo ndogo, taratibu, huku na huku. Nati ilipopata moto haswa akaigusa kwa mshumaa. Nta ikayeyuka, ikalia chii, ikanywewa na chuma kama maji na mchanga.

"Fundi Silima ndo alivyonifunza," alinong'ona. "Nta inafika pasipofika mafuta." Akaweka spana. "Sasa, kitu kilichoshika hakifunguliwi kwa pupa. Kwanza unakikaza kidogo, kikatike ile kutu. Ndo unakifungua."

Kwanza unakikaza kidogo.

Mwanapili alijiuma mdomo wa chini. Lilimjia neno, tayari, limekamilika, halikutaka hata kutafutiwa adabu. Lilifika mpaka kwenye meno. Lakini pasi ilikuwa nzito, na uso wa Usi ulikuwa karibu mno, na akalimeza.

Kiwiko kikaenda kulia, kidogo. Kisha kikaenda kushoto.

Nati ikasema kaa! kama ganda la chaza linapovunjwa. Ikazunguka.

Hawakucheka. Walikaa tu pale chini, wanaitazama inavyotoka, na ilipoanguka kiganjani mwa Usi akairusha mkono huu na mkono huu kwa moto wake. Hapo zikasikika ndara za Mzee Mcha.

"Imelia nini?"

Usi akatoka, akanyoosha mkono. Mzee Mcha akaichukua ile nati, ikamuunguza, akamhimidi Mungu, akaipokea kwa upindo wa kanzu, na kwa muda huo wote hakuona kitu kingine duniani. Binti yake alipita nyuma yake na pasi. Baba mtu alimwona alipokwishafika mlangoni mwa jiko.

"Mwanapili, pasi ilikuwa inafanya nini nje?"

Mwanapili akanyamaza.

"Alaa, ulikuwa unapepea makaa," Mzee Mcha alijijibu, akaridhika. "Bi Time! Mwalim! Njooni!"

Wakaja. Bi Time aliinusa nati, akawaambia watu, "Ndimu hiyo." Mwalim akatikisa kichwa kwa upole wa mtu asiyetaka kubishana na wanawake: harufu ya ubani ilikuwa dhahiri. Mzee Mcha alikumbusha mafuta ya taa. Usi aliwashukuru wote watatu, mmoja mmoja.

Fundi Silima alifika asubuhi yake, kama alivyoitwa, akakuta kipaipu kipya kimeshatiwa. Akaomba aione nati. Aliigeuza vidoleni, akapitisha gumba kwenye pembe zake, upande mmoja, halafu upande wa pili. Akamtazama Usi. Usi akatazama magogo. Silima akanyoosha mkono kwenye kikombe cha kijana, akaonja chai yake bila ya kuomba ruhusa, akageuza macho kuelekea mlango wa jiko, ambako ungo ulipanda ghafla ukaziba uso wa mtu.

"Mzee Mcha," alisema Silima, "nati hii ilikuwa na kazi. Hata mimi, ningekuwa rika lake, ingenichukua siku nyingi."

*

Kendwa walikwenda. Mzee Mcha alishika usukani, na alisisitiza fundi aende nao, kwa sababu breki mpya ni kama mtoto mchanga, hutaka mtu wa kuiangalia. Usi akakaa mbele. Mwanapili na mama yake wakakaa nyuma. Njia nzima kijana hakugeuka hata mara moja, ila kioo kidogo cha gari, ambacho kwa desturi hutazama barabara, siku hiyo kilikuwa kimekaa upande upande.

Bi Mwatum aliwapokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Mmekuja na gari. Hongereni. Simai kaoa juzi, Tumbatu."

"Kaoa!" alisema Mzee Mcha.

"Alingoja, kangoja. Kila akiuliza naambiwa nati, nati. Mwisho akaniuliza, 'Bi Mwatum, huyo Nati ndiye ndugu wa huyo binti?' Gari yako, Mcha, imemla mtoto riziki yake."

Mzee Mcha alihuzunika sana njia ya kurudi, mpaka alipokanyaga breki kwenye mteremko na gari ikatii. Hapo akapoa.

Haukupita mwezi, Fundi Silima alikuja tena, safari hii na kanzu na mzee mwenziwe, na habari haikuwa ya gari. Mzee Mcha hakusitasita.

"Kijana nimemjua," alisema, akapiga paja. "Nimemwona kwa macho yangu. Mtu aliyekaa na nati ile siku zote zile, asitukane, asikate tamaa, kila siku anarudi na subira yake, atashindwa kukaa na mwanangu? Hebu mwiteni."

Bi Mwatum alituma salamu kwamba yeye, kama shangazi mtu, hana neno, maadamu wasimletee tena habari za nati. Na Mwanapili, alipoulizwa, alitazama jamvi, akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kwamba watu walikielewa kimya chake sawasawa.

Ile nati Mzee Mcha hakuitupa. Aliiweka kwenye kabati la vioo, baina ya sahani za kaure za bibi yake, na kila mgeni huonyeshwa, na kila anapoonyeshwa, mkwewe huombwa asimulie. Usi husimulia. Kutu ilivyokuwa, alivyohangaika, mikono ilivyochubuka; na kila mwaka nati inazidi ugumu. Wageni hutikisa vichwa. Mkewe humimina chai, hutia sukari ikiwepo, na huinamisha uso kwenye birika.

Ila yeye ndiye anayelifuta vumbi kabati lile kila Alkhamisi. Huishika nati, huigeuza kwenye mwanga wa dirisha, huziona pembe zake zilivyolika zaidi upande mmoja, upande wa kukaza. Hapo lile neno alilolimeza chini ya gari humrudia mpaka kwenye meno. Hajapata kulitoa. Basi na litoke hapa:

Kukaza ulikaza vya kutosha, Usi. Ilifunguka siku ya kwanza. Nilikuwa nakuona.